Kusafisha na Kufufua Saa Kuukuu ya Mkononi: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Saa ya ufunguo iliyolala kabatini miaka mingi mara nyingi haijafa, imekauka tu. Mafuta kidogo yaliyotiwa kwenye matundu ya mawe, yaani vito vidogo vigumu ambamo ncha za magurudumu huzungukia, yameganda yakawa utomvu unaonata, na vumbi limejichanganya humo. Ukiitikisa inapiga dakika mbili tatu, kisha inasimama. Wengi wakifika hapo huchukua mafuta ya cherehani na kudondosha ndani. Saa inaamka na mwenyewe anafurahi, lakini baada ya muda mafuta yale yametambaa kila mahali, yamechanganyika na uchafu wa zamani na kuwa tope linalosaga chuma. Saa iliyokauka inataka kufunguliwa yote, kuoshwa, kukaushwa, ndipo itiwe mafuta mapya katika sehemu chache zinazostahili.

Nazungumzia saa ya mashine, ile inayojazwa kwa kuzungusha kichwa cha pembeni, si ya betri. Na msimamo wangu niuseme mapema, maana hatua zote zitaufuata: mashine isafishwe hadi skrubu ya mwisho, lakini uso wa saa, yaani lile bamba lenye tarakimu, uachwe kama ulivyo. Mashine ikiharibika ina vipuri. Uso ukifutika maandishi, umefutika.

Saa ya kuanzia

Usianze na saa ya marehemu babu. Anza na saa ambayo ikikufia mkononi hutakosa usingizi. Iwe ya kujazwa kwa mkono, bila tarehe, bila kujijaza yenyewe, bila vitufe vya kupimia mbio. Kila nyongeza inaleta vipande na springi zake, na springi ndogo zina tabia ya kuruka na kupotea.

Mashine kubwa ndiyo mwalimu mzuri. Mafundi wengi hujifunzia Unitas 6497 au mwenzake 6498: ina kipenyo cha mm 36.6, mawe 17, na vipande vinavyoonekana vizuri hata kwa macho ya mwanafunzi. Ilitengenezwa kwa ajili ya saa za mfukoni, ndiyo maana ina nafasi. Ukishaifungua na kuiunga mara kadhaa hadi mkono uzoee, ndipo ushike saa kuukuu ya kweli.

Unapochagua hiyo kuukuu, tafuta inayopiga vibaya kuliko isiyopiga kabisa. Fungua mgongo, itikise taratibu, utazame gurudumu la mizani, lile linalokwenda mbele na kurudi. Likiyumba kwa ulegevu kwenda na kurudi, kuna matumaini. Likiegemea upande mmoja au likikwaruza, huenda ncha ya mhimili wake imevunjika, na hiyo si kazi ya anayeanza. Kutu ya rangi ya kahawia karibu na mhimili wa ufunguo, yaani kijiti kinachobeba kichwa cha kujazia, maana yake maji yaliingia, iache dukani.

Tahadhari moja ya afya

Kabla ya kufungua chochote, tazama tarakimu na mishale. Je, kuna rangi nene, ya krimu au kahawia, iliyojazwa ili ing'ae gizani? Kuanzia enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia hadi miaka ya 1960, rangi hiyo mara nyingi ilikuwa na radiamu, elementi yenye mionzi. Watu hudanganyika kwamba kwa kuwa haing'ai tena, imekwisha nguvu. Kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1600 hivi, kwa hiyo bado ipo kama ilivyopakwa. Ikiwa imefungwa nyuma ya kioo, hatari si kubwa. Hatari iko kwenye unga wake ukiuvuta puani au ukiula. Saa ya namna hiyo usiifungue kama mwanafunzi, na kamwe usiikwaruze rangi wala kuipulizia.

Saa za baadaye zilitumia tritiamu, na nyingi za Uswisi zina herufi T chini kabisa ya uso, pembeni mwa neno SWISS. Hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushee, na ni nyepesi zaidi kwa madhara. Hata hivyo usiiguse rangi yake.

Zana

Vitu viwili usivifanyie ubahili: bisibisi na kibanio. Bisibisi za saa huuzwa kwa upana wa ncha, mm 0.8, 1.0, 1.2 na 1.6 zitamaliza karibu kazi yote. Ncha lazima ijae kwenye mfereji wa skrubu. Ikiwa nyembamba itateleza, na mkwaruzo utakaoachwa kwenye daraja la mashine, yaani bamba linaloshikilia magurudumu kwa juu, utauona kila utakapoifungua. Kibanio kiwe na ncha zinazokutana sawasawa. Cha shaba ni kizuri kwa sababu hakishiki sumaku na hakikwaruzi.

Ongeza lenzi ya jicho, moja ya kukuza mara 4 au 5 kwa kazi na nyingine ya mara 10 kwa ukaguzi. Kishikio cha mashine. Pampu ya mpira ya kupulizia vumbi. Vijiti laini vya mbao vya kuchongwa. Ulimbo wa kunyonyea uchafu, ule wa kijani uitwao Rodico. Vifuniko vya mpira vya vidole, kwa sababu jasho hutia kutu. Kisanduku chenye vyumba vingi na kifuniko. Na simu ya kupigia picha kila hatua, tena picha mbili, moja kwa mbali na moja kwa karibu.

Meza iwe juu, karibu usawa wa kifua, na utandike kitambaa cheupe. Funga dirisha na zima feni. Sakafu yenye zulia lenye manyoya imemeza skrubu nyingi kuliko mtu angependa kukiri.

Kutoa mashine kwenye kasha

Mgongo wa saa ama umebonyezwa, ama umefungwa kwa nyuzi za kuzungushwa kama za skrubu. Wa kubonyezwa una mdomo mdogo pembeni. Ingiza kisu butu hapo na uzungushe, usichokonoe. Wa nyuzi una vijishimo au pembe na unahitaji funguo yake. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi mgongoni kwanza, maana ndipo mikwaruzo ya haraka hutokea.

Sasa tafuta kinachoshikilia mhimili wa ufunguo. Karibu na pale mhimili unapoingia kuna kitufe kidogo au skrubu. Ikiwa ni kitufe, kibonyeze huku ukivuta kichwa polepole. Ikiwa ni skrubu, ilegeze mzunguko mmoja tu au chini ya hapo, ujaribu kuvuta, ukizidisha kidogo kidogo. Ukiifungua yote, kipande kilichoko chini ya uso kitaanguka, na mhimili hautarudi mpaka ung'oe uso. Ukishatoa mashine, urudishe mhimili mahali pake, kwa sababu utauhitaji hatua inayofuata.

Mishale hung'olewa kwa vijiwenzo viwili vya kunyanyulia, kimoja kila upande, juu ya kipande cha plastiki laini chenye tundu kilichofunika uso. Pangilia mishale yote ikae pamoja kwanza, kisha inua pande zote mbili kwa pamoja. Uso umeshikwa na skrubu mbili za ubavuni mwa mashine: zilegeze, inua uso kwa makali yake, uuweke kwenye kisanduku chake na ufunike. Usiupanguse. Maandishi ya nyuso nyingi yamechapwa juu ya vanishi nyembamba, na tone la maji au pamba iliyolowa huondoka nayo. Vumbi lipulizie kwa pampu, basi.

Kulegeza springi kuu

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana ndipo saa nyingi za wanafunzi zinapokufa.

Ndani ya pipa la saa kuna springi kuu, utepe wa chuma uliojikunja. Ikiwa imejaa hata kidogo na wewe ukatoa uma (kile kipande chenye mawe mawili kinachozuia na kuachia gurudumu la mwisho), nguvu yote hutoka kwa mpigo mmoja. Magurudumu yatazunguka kwa kasi ya kutisha na ncha nyembamba kuliko sindano zinaweza kuvunjika.

Juu ya daraja utaona gurudumu kubwa la meno, na pembeni yake kizuizi, kidole cha chuma chenye springi yake, kinacholiruhusu kuzunguka upande mmoja tu. Shika kichwa cha ufunguo kwa kidole gumba na cha shahada, ukizungushe kidogo sana kama unayejaza. Utaona kizuizi kimeachana na jino. Kisukume pembeni kwa ncha ya kijiti cha mbao na ukishikilie hapo. Sasa utahisi kichwa kinataka kurudi nyuma chenyewe. Usikiachie. Kiache kiteleze kati ya vidole, robo mzunguko, kibane, robo nyingine, kibane, mpaka kisivute tena. Gusa gurudumu la mizani. Likiyumba bila nguvu na kusimama, springi imelegea.

Kubomoa kwa mpangilio

Toa kwanza daraja la mizani pamoja na gurudumu lake. Fungua skrubu, pandisha daraja taratibu kwa kibanio, na gurudumu litaning'inia kwa unywele, ile springi nyembamba iliyojizungusha. Ligeuze kichwa chini na ulilaze juu ya daraja lake. Unywele ukivutika au kukunjwa, kuunyoosha ni ufundi wa miaka, kwa hiyo funika kisanduku papo hapo.

Kisha uma na kidaraja chake. Kisha gurudumu la pipa na mwenzake dogo lililo karibu na mhimili. Angalia hapa: skrubu ya hili dogo mara nyingi ina nyuzi za kinyume, inafunguka kwa kuzungushwa upande wa saa. Watengenezaji wengi huitia mifereji mitatu badala ya mmoja ili kukuonya. Skrubu ikigoma, simama ufikiri kabla hujaongeza nguvu, maana kichwa kikikatika umepata kazi nyingine kabisa.

Baada ya hapo toa daraja la magurudumu, magurudumu yenyewe, pipa, na mwisho vipande vya upande wa uso vinavyohusika na kurekebisha majira. Huko kuna springi ndogo yenye umbo la mkono. Ifunike kwa kipande cha plastiki angavu kabla ya kuigusa, hata ikiruka itaishia hapo. Kila kundi la vipande likae chumba kimoja na skrubu zake. Skrubu zinafanana kwa mbali, lakini ndefu ikiwekwa mahali pa fupi inaweza kutokeza upande wa pili na kukwaruza gurudumu.

Fungua kifuniko cha pipa na utoe springi kuu polepole, ukiizuia kwa kidole gumba ili isifumuke yote. Ilaze mezani. Springi nzima ikiachwa huru hufunguka na mwisho wake wa nje hujikunja kinyume, umbo la herufi S. Iliyochoka hubaki imejikunja duara dogo. Maoni yangu: nunua mpya, kwa kupima upana, unene na urefu wa ile ya zamani. Mpya huja ikiwa imekunjwa ndani ya pete, unaisukuma tu ndani ya pipa. Kukunja ya zamani kwa vidole huipinda na kuijaza jasho.

Kuosha

Anza kwa kuondoa mafuta. Naftha, yaani petroli safi ya kujazia vibiriti vya utambi, inafanya kazi nzuri. Fungua madirisha, usiwe karibu na moto wala cheche. Weka vipande kwenye vibakuli vya kioo, madaraja peke yake, magurudumu peke yake, skrubu peke yake, viloweke na uvisugue kwa brashi laini.

Kisha inakuja kazi isiyopendwa, na ndiyo yenye maana kuliko zote: kupekecha matundu ya mawe. Chonga kijiti cha mbao kiwe na ncha kali, kiingize kwenye tundu la jiwe na ukizungushe. Kitatoka na alama nyeusi. Kichonge tena, rudia, mpaka kitoke cheupe. Fanya hivyo kwa kila jiwe, pande zote mbili. Ncha za magurudumu zichomeke kwenye kipande cha mbao laini au Rodico. Chini ya lenzi ya mara 10 ncha inatakiwa kung'aa kama kioo. Ikiwa na pete nyeusi, rudia kuosha.

Suuza kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, isipokuwa vipande viwili: uma, na gurudumu la mizani. Mawe ya uma na kile kijiwe kidogo kilicho chini ya gurudumu la mizani vimegandishwa kwa sheleki, aina ya gundi ya asili, na sheleki huyeyuka kwenye alkoholi. Hivyo viwili vioshe kwa naftha peke yake. Gurudumu la mizani lifunge kwanza na daraja lake kwenye bamba tupu, kisha chovya vyote pamoja. Hivyo unywele hauning'inii wala haukamatwi na kitu.

Saa nyingi za kuanzia katikati ya karne iliyopita zina kinga ya mshtuko, kama Incabloc, iliyobuniwa miaka ya 1930: kijispringi chenye umbo la kinubi kinachoshikilia jiwe la juu ya mhimili wa mizani. Kifungue upande mmoja tu kiinuke kwenye bawaba yake, toa mawe mawili yaliyo ndani, yatenganishe na uyasafishe. Ukiruka hatua hii saa itapiga, lakini kwa uvivu.

Kausha kwa hewa vuguvugu na utumie pampu, si pumzi yako, kwa sababu pumzi ina unyevu.

Mafuta: machache kuliko unavyodhani

Kwa kuanzia aina tatu zinatosha: jepesi kama Moebius 9010, zito kama HP 1300, na grisi ya uma kama 9415. Chombo ni sindano yenye ncha bapa inayobeba tone dogo sana.

Zito huenda kwenye vinavyozunguka polepole na kwa nguvu: mhimili wa pipa na gurudumu la katikati. Jepesi huenda kwenye magurudumu ya mbio na mawe ya mizani. Kibakuli cha jiwe, yaani kijishimo kinachozunguka tundu lake, kijae nusu tu. Tone likifurika, uso wa daraja huyavuta mafuta yote na tundu hubaki kavu. Grisi ya uma huwekwa kidogo mno kwenye uso wa mawe yake unaopokea meno.

Pasipowekwa kitu ni hapa: meno ya magurudumu, ncha za uma wenyewe, ile pembe ya uma inayopokea kijiwe cha mizani, na unywele. Unywele ukipata mafuta, mizunguko yake hugandana na saa hukimbia.

Kuunga

Unarudi kinyume cha ulivyobomoa, ukiwa na picha zako. Hatua moja tu inahitaji subira ya pekee: daraja la magurudumu. Liweke juu ya ncha zote, ligandamize kwa uzito wa kijiti cha mbao tu, huku ukisogeza gurudumu moja moja kwa kibanio mpaka kila ncha itumbukie tundu lake na daraja likae lenyewe. Kaza skrubu kidogo, kisha gusa pipa. Magurudumu yote lazima yazunguke kwa mguso mwepesi. Yakikataa, legeza. Anayekaza skrubu ili kulazimisha daraja likae anavunja ncha.

Weka uma, jaza saa mizunguko michache, na uusukume kwa ncha ya kijiti. Uruke upande wa pili wenyewe kwa ukali. Ukijiburuza, kuna uchafu umebaki, urudi kuosha. Ukiruka vizuri, weka gurudumu la mizani: shusha daraja, elekeza kijiwe kiingie kwenye pembe ya uma, na mara nyingi litaanza kupiga hata kabla ya skrubu kukazwa.

Kupima mwendo

Programu za simu zinazosikiliza mapigo kwa maikrofoni zinatosha mwanzoni. Saa nyingi kuukuu hupiga mara 18,000 kwa saa, sawa na mara 5 kwa sekunde. Ikiwa imejaa na imelala chali, upana wa mzunguko wa mizani ukiwa nyuzi 270 hadi 310 ni afya tele. Saa kongwe yenye 250 mimi naikubali. Ikiwa 200, springi imechoka au kuna uchafu. Kusogeza kirekebishi, kile kijimkono cha mwendo kilicho juu ya daraja la mizani, hakutatibu hilo.

Ikikimbia dakika nyingi kwa siku, pima sumaku kwanza: ipitishe karibu na dira, uone kama sindano inachezacheza. Kiondoa sumaku cha kitufe hutumiwa hivi: bonyeza, iondoe saa polepole hadi urefu wa mkono, ndipo uachie. Ukiachia mapema umeitia sumaku upya.

Ikibaki tofauti ndogo, sogeza kirekebishi kuelekea + ikichelewa au − ikiwahi. Kwenye mashine nyingine alama ni A na R au F na S. Msogeo wa unene wa unywele tu, kisha pima tena, saa ikiwa chali, kifudifudi na ikisimama. Tofauti ya sekunde 30 kwa siku kwa saa ya umri huo ni kazi nzuri.

Kasha na kioo

Kasha tupu na mkanda wa chuma huoshwa kwa maji vuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi ya meno. Kung'arisha ndiko kunakonitia wasiwasi. Kila ukisugua unaondoa chuma, na kona kali zilizochongwa kiwandani hugeuka duara. Futa mikwaruzo ya juu kwa kitambaa cha kung'arishia, basi.

Kioo cha akriliki hupona vizuri: dawa kama PolyWatch, pamba, na dakika chache za kusugua kwa kukatiza mikwaruzo. Kilichopasuka badilisha. Kioo cha madini hakisikii dawa hiyo.

Rudisha uso, kisha mishale, yote ikielekezwa saa sita kamili, ukiacha nafasi inayoonekana kati ya mshale na mshale. Izungushe saa 12 nzima kwa kichwa huku ukitazama kutoka ubavuni kama kuna unaogusa mwenzake. Pulizia ndani ya kioo mara ya mwisho, weka mpira mpya wa mgongo ukiwa umepakwa grisi ya silikoni, na ufunge. Maandishi ya mgongoni yanayodai saa haiingizi maji yalikuwa kweli siku ilipotoka kiwandani. Ivue kabla ya kunawa.